Nimenunua RAM ya NAS mara mbili ndani ya mwezi mmoja

Nianze na bei, maana najua wengi wenu mnashuka moja kwa moja kuitafuta. Stiki ya kwanza ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo mashine inafanyia kazi, GB 8, mpya, ndani ya boksi lenye picha ya radi: shilingi 95,000. Ya pili, GB 4, iliyong'olewa kwenye laptopu iliyovunjika kioo: 40,000. Ile ya radi iko kwenye droo pamoja na betri za kamera zilizovimba. Ile ya laptopu ndiyo iko kazini, mwezi wa tano sasa.

Mimi ni mpiga picha, studio yangu iko Area D hapa Dodoma. Tunapiga harusi, sendofu, ubarikio, na msimu wa mahafali tunashinda kule Chuo Kikuu tukifukuzana na majoho. Tuko watatu: mimi, kijana wa video na binti anayehariri. Picha zote tunazitunza kwenye NAS, yaani kisanduku chenye diski ndani kinachochomekwa kwenye ruta, kila mtu akafungua kazi kutoka kwenye kompyuta yake bila kuzungusha flashi. Yetu ni Synology DS220+. Ukubwa wake ni kama mkate wa slesi uliosimamishwa. Ina diski mbili za TB 4 zinazobeba kitu kilekile, ili moja ikifa nyingine ibaki na kazi za watu.

Kinakuja na GB 2 za RAM zilizochomelewa kwenye ubao, hizo hazitoki. Ndani kuna sloti moja tupu. Mtengenezaji anasema uongeze GB 4, jumla ziwe 6, na hapo ndiyo mwisho.

Kwa miaka miwili GB 2 zilitutosha. Tatizo lilianza tulipowasha ile programu ya albamu za picha na kuongeza vitu vingine viwili vitatu vinavyotembea humohumo ndani. Jumatatu moja, baada ya wikiendi yenye harusi mbili, binti alifungua albamu yenye picha 3,200, akasubiri, akaniita: "Dada, inazunguka tu." Nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi na kikombe, nusu ya picha bado zilikuwa vibox vya kijivu.

Shemeji yangu anafanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja kule Mtumba. Nilimpigia nikamwambia nataka kuongeza RAM, ninunue gani. Hakunitajia. Alisema, "Shemeji, kabla hujatoa hela, nenda kwenye kile kidirisha kinachoonyesha matumizi ya mashine, uangalie swopu." Swopu ndiyo nini? Akanieleza hivi: mama ntilie ana meza ndogo. Meza ikijaa, sahani nyingine anaziweka chini. Chakula kipo, hakijapotea, ila kila akitaka sahani ya chini lazima ainame. Meza ndiyo RAM, chini ndiyo diski. Mashine ikiinama sana, wewe unaona vibox vya kijivu.

Nikaangalia binti akiwa anafungua albamu. RAM asilimia 88, swopu GB 1.3. Mama ntilie alikuwa hanyooki mgongo.

Shemeji akanipa na jaribio la pili, na hili nawasihi mlifanye kabla ya kwenda dukani. Nakili faili moja kubwa kutoka kwenye kompyuta iliyochomekwa waya kwenda kwenye NAS, uangalie kasi. Yangu ilikuwa MB 110 kwa sekunde. Waya wa mtandao wa gigabiti moja hauwezi kuvuka sana hapo, hata uweke RAM ya GB 100. Kwa hiyo kama kilio chako ni kwamba kunakili kunachukua muda, RAM siyo dawa yake. Angalia waya, angalia ruta, au acha kutumia waifai kuhamisha video za harusi. RAM inasaidia pale ambapo kisanduku kinafanya mambo mengi kwa mpigo: albamu, utafutaji, watu watatu ndani kwa pamoja. Dukani hakuna atakayekwambia hivyo. Mimi niliambiwa kinyume chake.

Duka lenyewe liko katikati ya mji, kwenye zile barabara za namba. Kabati za vioo, kiyoyozi, vijana wenye fulana za rangi moja. Nilimwonyesha kijana picha ya NAS kwenye simu, nikamwambia nataka GB 4 ya DDR4, ndicho kizazi cha RAM kinachoingia humo. Akacheka kidogo. "Dada yangu, GB 4 siku hizi nani anaweka? Chukua 8. RAM ni RAM." Akaongeza kwamba hata kunakili kutakuwa kama umeme. Hapo ningepaswa kugeuka. Lakini kulikuwa na kiyoyozi, nje jua la Oktoba, na mimi nikashawishika kwamba kubwa ni bora. Nikalipa kwa simu, nikapewa risiti yenye maandishi madogo chini ambayo sikuyasoma.

Niseme ukweli, iliingia na ikawaka. Kisanduku kilisoma GB 10, yaani mbili zake na nane zangu. Albamu ikafunguka vizuri, binti akapiga kigelegele. Laiti ningeandika haya siku ile, mngesoma sifa tupu.

Usiku wa sita kisanduku kilijizima na kujiwasha saa nane. Nilijua ni umeme, maana huwa unakatika, lakini kiko kwenye UPS, ile betri ya akiba, na ruta iliyo pembeni yake haikuzima. Siku tatu baadaye kikarudia, safari hii mchana, kijana wa video akiwa katikati ya kazi. Nikamweleza shemeji. Akaniambia kuna programu ya bure ya Synology unayoiweka kwenye kompyuta yako, jina lake Synology Assistant, na ndani yake kuna kipimo cha RAM. Kisanduku kinaacha kazi zote na kujipima. Nilikiwasha jioni baada ya kufunga studio. Asubuhi jibu: RAM imefeli.

Na hilo la kujizima halikuwa baya kuliko yote. Asubuhi hiyohiyo binti aliniita nione picha mbili za sendofu moja ya Kisasa. Bibi harusi anatembea na shangazi zake, na katikati ya picha, kuanzia kiunoni kwenda chini, mstari mpana wa kijivu, halafu rangi za ajabu. Nilifungua faili kwenye kompyuta nyingine, vilevile. Nikasema basi diski moja imeanza kufa, nyingine itakuwa na picha nzima. Haikuwa nayo. RAM mbovu inaharibu faili likiwa bado njiani, kabla halijafika kwenye diski, na diski mbili zikaandika kosa lilelile kwa uaminifu kabisa. Ule usalama wa diski pacha ambao nimekuwa nikiwatambia wateja haukuwa na la kufanya hapo.

Kilichoniokoa ni tabia yangu ya kutofuta kadi za kamera mpaka wiki mbili zipite. Tulizipakia upya kazi zote za siku zile tisa. Bibi harusi hajui mpaka leo.

Nilirudi dukani na stiki na picha ya jibu la kipimo. Kijana yuleyule, fulana ileile. Akanionyesha yale maandishi madogo: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamuuliza kama wanaweza hata kuipima pale mbele yangu. Hawapimi. Nikaomba wanibadilishie. Hawabadilishi. Huduma yao mimi naipa sifuri, na kiyoyozi naondoka nacho moyoni.

Hapa kati nilipiga simu Dar kuulizia RAM ya Synology yenyewe, ile yenye jina lao. Ipo, D4NESO-2666-4G, GB 4. Niliyempata alinitajia 290,000 na kusubiri wiki mbili. Sisemi ni wizi. Mtengenezaji anasema wazi kwamba ukiweka RAM isiyo yake na mashine ikasumbua, hana wajibu wa kukusaidia ipasavyo. Kama ni ofisi yenye bajeti, mashine iko ndani ya waranti na hakuna mtu wa kushika bisibisi, nunueni hiyo mlale. Kwangu mimi waranti ilishaisha, na 290,000 ni ada ya mtoto.

Fundi wa pili nilielekezwa na dereva bajaji. Kibanda nyuma ya soko la Majengo, meza moja, feni moja, na mzee mwenye kile kioo cha mafundi saa jichoni. Nikaamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, umeleta mgonjwa gani?" Nikamweleza, nikatoa simu nimwonyeshe picha. Hakuitazama. "Lete sanduku lenyewe. Mimi sipimi kiatu bila mguu."

Kesho yake nikarudi nacho kwenye kapu la sokoni, nimekifunga kwa kanga.

Mzee alivuta boksi la viatu lililojaa stiki za RAM, kila moja ndani ya kimfuko chake cha plastiki cha kijivu. Akazipanga mezani kama mtu anayegawa karata, kisha akaanza kuondoa. Hizi ndefu ni za kompyuta za mezani, toa. Hii ni DDR3, tazama mwanya wake ulipo, haitaingia hata ukilazimisha, toa. Hii ina chipu tisa upande mmoja badala ya nane, ni ya seva zenye kujisahihisha makosa, sanduku lako halitumii hizo, toa. Zikabaki nne. Akachukua moja ya Samsung, akanipa kile kioo chake na kuniambia nisome lebo mwenyewe. Herufi ndogo kama sisimizi: 4GB 1Rx16 PC4-2666V.

Nikamwambia soma unieleze. Ile 4GB inajieleza. Ile 1R maana yake chipu zimepangwa kwa safu moja, si mbili, na x16 ni upana wa kila chipu. PC4 ndiyo DDR4, ya volti 1.2. 2666 ni kasi. Nikamuuliza vipi ile yangu ya dukani, iliyoandikwa 3200, si ni kasi zaidi? Akasema prosesa, yaani ubongo wa sanduku hili, Celeron J4025 ya Intel, yenyewe mwisho wake ni 2400. Ukiiwekea ya 3200 itatembea kwa 2400. Ukiiwekea ya 2666, nayo 2400. "Unanunua gari la kukimbia mia mbili, unaendesha njia ya Majengo." Na ukubwa je? Intel wanaandika kwamba prosesa hiyo mwisho wake ni GB 8. Mtengenezaji wa sanduku anasema 6. Watu huzidisha na kwa wengine inakubali, hata mzee amewahi kuona. "Ila wewe una picha za watu humo." Nikaelewa.

Alianza na 50,000, tukafika 40,000. Kisha akasema maneno ambayo kwangu ndiyo yenye thamani kuliko stiki: "Nenda kapime usiku kucha. Ikifeli rudi na hela yako utaikuta." Akaandika kwenye kikaratasi: tarehe, Samsung 4GB, wiki mbili, sahihi. Kikaratasi nimekibandika chini ya kisanduku kwa selotepu.

Angeweza kuiweka yeye, lakini nilitaka kujifunza. Si kazi ngumu, ina hila mbili tatu tu. Zima kisanduku kupitia kompyuta, siyo kwa kuchomoa waya. Toa trei za diski na uziandike namba kwa penseli, ya kwanza irudi ya kwanza. Sloti iko ndani, kwenye ukuta wa pale zilipokaa diski, unaingiza mkono kama unatafuta ufunguo chini ya kochi. Linganisha mwanya, kisha sukuma sawasawa mpaka usikie inakamata. Mimi nilisukuma kwa woga, haikukamata, kisanduku kikakaa kinameta taa ya buluu bila kuwaka. Nikatoa, nikasukuma kwa nguvu za kukanda unga. Ikalia tak.

Mambo mawili ya Dodoma hayapo kwenye maelekezo ya kiwandani. La kwanza ni vumbi. Nilipotoa trei, kwenye kona za ndani kulikuwa na unga mwekundu wa kutosha kuandikia jina. Usilipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Nilitumia brashi laini ya lenzi nikiwa nimekiinamisha, halafu lile pampu la mpira la kusafishia kamera. La pili ni ukavu. Mnajua lile blanketi la manyoya linavyotoa cheche ukilikunja gizani mwezi wa saba? Cheche hiyohiyo ikitoka kidoleni kwenda kwenye chipu, umeua RAM na hutajua. Nilivua sweta, nikashika kwanza bomba la maji la chuma, na stiki nikaishika kwa kingo zake. Dhahabu ile ya chini usiiguse kwa vidole.

Kisanduku kikasoma GB 6. Sikupiga kigelegele. Nilikiweka kwenye kipimo usiku kucha, asubuhi kikasema imepita, nikarudia usiku wa pili kwa sababu nilishaumwa na nyoka. Ikapita tena. Ndipo nikamruhusu binti arudi kazini.

Matokeo, kwa saa ya simu yangu: albamu ileile ya picha 3,200, iliyokuwa inachukua sekunde 50 na zaidi kujaa ukurasa wa kwanza, sasa ni sekunde kama 9. Swopu karibu haiguswi. RAM inasoma asilimia 40 hivi ya matumizi, na sehemu kubwa ya iliyobaki mashine inaitumia kushikilia faili zilizofunguliwa karibuni, ndiyo maana ukifungua albamu ileile mara ya pili inatokea papo hapo. Kunakili faili kubwa bado ni MB 110 kwa sekunde, kama shemeji alivyosema.

Kuna ambacho hakikubadilika. Utambuzi wa sura, ile kazi ya kukusanya picha zote za mtu mmoja, bado ni wa kinyonga. Prosesa ina "core" mbili tu, yaani vichwa viwili vya kufikiri, na hapo ndipo inapobanwa. Tukipakia harusi nzima Jumapili usiku, Jumatatu asubuhi bado inahesabu mashangazi. Ukitaka hilo liende haraka, nunua kisanduku kikubwa zaidi, RAM haitakufikisha. Na stiki ya mtumba ni ya mtumba: wiki mbili za mzee zilishaisha, ikifa kesho ni juu yangu. Kwa hiyo nimejiwekea kupima kila baada ya miezi mitatu, na kadi za kamera sasa nasubiri wiki tatu ndipo nifute. Kila Ijumaa pia kuna diski ya nje inayobeba nakala, naondoka nayo nyumbani kwenye mkoba.

Mtu ameniuliza kama angepata GB 4 mpya ya chapa inayoeleweka kwa bei ya kati, achukue? Achukue, mradi lebo isome kama ile niliyoandika juu na muuzaji akubali kwa maandishi kwamba atairudisha. Hilo la pili nalitanguliza mbele ya chapa.

Kibanda cha mzee hakina bango. Uliza "fundi wa kioo" nyuma ya soko, upande wa wauza ndoo. Hufungua saa tatu, Jumapili hayupo. Beba kisanduku chenyewe na adapta yake ya umeme. Mimi niliisahau, ikabidi bajaji anirudishe Area D, na 4,000 hiyo sijaihesabu kwenye zile bei za juu.